Pikapu ya petroli au ya dizeli kwa kazi ya miaka minane: ipi itakula fedha kidogo?

Mkulima_Mufindi (Mafinga)

Ndugu wanajukwaa, naomba maoni ya watu waliokaa na pikapu kwa miaka, si kwa miezi, kwa sababu bei ya kununulia naijua tayari na kinachonisumbua ni fedha zitakazotoka baada ya hapo. Nauza pembejeo za kilimo hapa Mafinga na kuzipeleka kwa wakulima katika vijiji vya Wilaya ya Mufindi, ambako sehemu kubwa ya njia ni vumbi wakati wa kiangazi na tope la kunasa wakati wa mvua. Mzigo wa kawaida ni mifuko ya mbolea kati ya 10 na 14 ya kilo 50, na mara chache nateremka Iringa mjini au hadi Dar es Salaam kufuata bidhaa. Kwa makadirio yangu gari litatembea kilomita 18,000 kwa mwaka, na nakusudia kukaa nalo miaka minane kabla ya kuliuza.

Nimepata Hilux mbili za kabini mbili, zote zimetumika na umri wao unakaribiana. Ya kwanza ina injini ya petroli ya lita 2.7, aina ya 2TR-FE. Ya pili ni ya dizeli, D-4D ya lita 3.0, yaani 1KD-FTV, na muuzaji anaitaka kwa shilingi milioni 12 zaidi ya ile ya petroli. Nyongeza hiyo sina mkononi. Nitalazimika kuikopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka na kuilipa kwa miaka mitatu.

Kila ninayemuuliza mjini ananijibu kwamba dizeli hainywi mafuta, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nataka hesabu nzima: mafuta, sevisi, spea, riba na bei nitakayouzia. Anayezifahamu injini hizi mbili naomba pia aniambie ni kitu gani huharibika, na kama mafundi wa huku wanaweza kukitengeneza bila gari kupakiwa kupelekwa Dar es Salaam.

Mhasibu_wa_Magari (Dodoma)

Ndugu Mkulima, kazi yangu ni kusimamia hesabu za magari ya taasisi, na nafurahi umetaja kilomita na riba, kwa sababu watu wengi huviacha vitu hivyo viwili kisha wakashangaa kwa nini dizeli waliyoisifu haijawatajirisha.

Tuanze na mafuta. Hilux ya 2TR-FE yenye mzigo kama wako, kwenye vilima na barabara ya vumbi, itatumia takriban lita 13 kwa kilomita 100, na 1KD ambayo nozeli zake, yaani vinyunyizi vya mafuta, ni nzima itatumia karibu lita 9 na nusu. Lita moja ya dizeli ina nishati inayozidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 na kitu, na injini yake hugandamiza hewa kwa uwiano mkubwa zaidi, hivyo sehemu kubwa zaidi ya joto la mafuta hugeuka kuwa kazi badala ya kutokea kwenye rejeta na ekzosti. Kuhusu bei, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati hapa Tanzania, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kuna miezi dizeli huwa juu ya petroli na miezi huwa chini yake. Kwa mpango wa miaka minane naona ni salama zaidi kuzichukulia kuwa sawa. Nitatumia shilingi 2,900 kwa lita kama mfano tu. Wewe weka bei ya Mafinga, ambayo kwa vyovyote itakuwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji.

Tofauti ya lita tatu na nusu kwa kila kilomita 100, kwa kilomita 18,000, ni lita 630 kwa mwaka, sawa na shilingi 1,827,000. Kwa miaka minane ni shilingi 14,616,000. Hiyo ndiyo hesabu ya kijiweni, na ukiisoma peke yake utadhani dizeli imekurudishia milioni 12 zako na kukupa chenji.

Sasa ingiza riba. Mkopo wa milioni 12 kwa riba inayopungua kadiri deni linavyopungua utakutoa takriban shilingi 434,000 kila mwezi, na ukimaliza miezi 36 utakuwa umelipa riba ya milioni 3.6. Mwaka wa kwanza peke yake riba itakaribia milioni 1.9, maana yake ni kwamba faida yote ya mafuta ya mwaka huo itaishia benki. Tena uulize vizuri kabla ya kusaini, kwa sababu benki ikikokotoa riba juu ya deni la mwanzo kwa miaka yote mitatu, utalipa milioni 6.48, na hapo mjadala huu wote unakuwa umekwisha kabla hujawasha gari.

Upande wa pili wapo wanaosahau kwamba nyongeza ya bei haipotei yote. Hilux ya dizeli ina wanunuzi wengi, na hata baada ya miaka minane itauzwa kwa bei ya juu kuliko mwenzake wa petroli. Nakisia tofauti itakuwa imeshuka kutoka milioni 12 hadi milioni 5, hivyo kilichoteketea ni milioni 7. Sevisi nazo hazilingani. Kwa vumbi la huko sitakushauri upitishe kilomita 5,000 bila kubadilisha oili, na dizeli ina oili nyingi zaidi pamoja na filta ya mafuta inayohitaji kubadilishwa mara kwa mara. Tukiweka nyongeza ya shilingi 50,000 kila sevisi, kwa kilomita 144,000 tunapata kama milioni 1.45.

Ukijumlisha milioni 7, milioni 3.6 na milioni 1.45, dizeli imekugharimu milioni 12 na kidogo ili ikuokolee milioni 14.6. Faida ni milioni mbili na nusu kwa miaka minane, na seti moja ya nozeli mpya halisi inaweza kuimeza yote. Kwa hesabu hizi mpaka uko karibu na kilomita 14,500 kwa mwaka: chini ya hapo petroli ni nafuu, juu ya hapo dizeli ni nafuu. Ukitenga akiba ya milioni 4 kwa ajili ya matengenezo makubwa ya mfumo wa mafuta wa dizeli, jambo ambalo mimi ningelifanya kwa gari lililotumika, mpaka unasogea hadi kilomita 20,000. Wewe uko katikati kabisa. Mtu anayetembea kilomita 36,000 kwa mwaka hana haja ya kujiuliza, kwa kuwa kwake dizeli inabakiza zaidi ya milioni 15 kabla ya matengenezo makubwa.

Jambo moja la pembeni. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa katika bajeti ya 2017/18 na ushuru wa mafuta kupandishwa kwa shilingi 40 kwa lita, gari lililoegeshwa halidaiwi kitu na gari linalokunywa sana hulipa kila linapojaza. Kwako tofauti ni ndogo, kama shilingi 25,000 kwa mwaka, nayo imo tayari ndani ya bei ya lita.

Fundi_Nozeli (Mbeya)

Hesabu za ndugu yetu wa Dodoma ni nzuri, ila zimeichukulia dizeli kana kwamba ni kitu kimoja, na gereji haiko hivyo. Hilux za dizeli zinazotembea Nyanda za Juu Kusini zina injini za vizazi vitatu, na kila kizazi kina gharama zake.

Kuna 5L ya lita 3.0, isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini), ambayo pampu yake husukuma mafuta kwa nguvu ya mashine na nozeli hufunguka kwa shinikizo la baa mia moja na ushee. Injini hiyo inavumilia mafuta mabaya, na karakana yoyote ya pampu yenye mashine ya kupimia inaweza kuirekebisha. Ila ni nzito, inatoa moshi inapopanda, na mafuta inayookoa si mengi kama watu wanavyosimulia. Kuna 2KD na 1KD za D-4D, ambayo ndiyo uliyopata. Halafu kuna 2GD ya lita 2.4 na 1GD ya lita 2.8 zilizokuja na Hilux mpya ya mwaka 2015, ambazo zina cheni ya taimingi badala ya mkanda na zina nguvu kubwa kuliko zilizotangulia.

Kwenye 1KD mafuta hukaa ndani ya komoni reli, yaani bomba moja linalolisha nozeli zote, kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,000, na nozeli hufungua na kufunga kwa amri ya kompyuta mara kadhaa katika kila mlipuko. Nafasi zilizomo ndani ya nozeli hiyo ni ndogo mno, kiasi kwamba punje ya vumbi isiyoonekana kwa macho au tone la maji lililopenya filta linatosha kuikwaruza. Watu hapa kwetu bado wanalaumu salfa, lakini tangu mwaka 2015 viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Adui mkubwa sasa ni maji na uchafu. Vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali, vilivyoanza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010 vimesaidia kuwabana wachakachuaji waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa, ambayo hayalainishi pampu, lakini vinasaba havipimi vumbi lililomo ndani ya dumu. Ukinunua dizeli ya madumu kijijini kwa sababu tenki limeisha ukiwa mbali na kituo, umenunua pia uwezekano wa kubadilisha nozeli. Petroli ya dumu nayo ni mbaya, ila injini ya 2TR huilalamikia kwa kukohoa na kuziba filta, haiadhibu mfuko wako kwa kiwango hicho.

Udhaifu wa pili wa 1KD ndio unaoua injini nzima, na hauhusiani na ubora wa mafuta. Chini ya kila nozeli kuna kizibio cha shaba. Kikilegea au kikiliwa, moshi wa mlipuko hupenya na kuingia kwenye oili, na oili hiyo hujenga mabaki meusi kama masizi ya sufuria yanayoganda kwenye chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Pampu ya oili inakosa cha kuvuta, taa ya oili inawaka, na dereva ambaye hajaambiwa chochote anaendelea kwenda hadi beringi za kranki zinakwama. Nimefungua injini za namna hiyo ambazo nozeli zake zilikuwa bado nzima kabisa. Vizibio vyenyewe ni spea ya bei ndogo. Kinacholipiwa ni kazi ya kuvifikia, na ukivibadilisha kwa wakati 1KD inatembea muda mrefu bila matatizo.

Kwa upande mwingine, ndugu mhasibu ameihurumia petroli kwenye milima. 2TR-FE haina tabo, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Huko kwenu, kama hapa Mbeya, tuko kati ya mita 1,500 na 2,000 na zaidi, hivyo sehemu ya sita ya nguvu iliyoandikwa kwenye vitabu haipo. Gari la petroli lenye kilo 700 likipanda Mlima Kitonga litapandishwa kwa gia ya pili na kukanyagwa hadi chini, na kwa safari ya namna hiyo lita 15 au 16 kwa kilomita 100 hazinishangazi. Dizeli yenye tabo hujisukumia hewa yenyewe na haisikii sana mwinuko. Kwa hiyo ukibeba mzigo kila siku kwenye vilima, tofauti ya lita inazidi tatu na nusu. Ukirudi mtupu au ukizunguka mjini, inapungua.

Kuhusu uimara, 2TR ni injini ambayo fundi wa kijijini anaiweza. Ina cheni ya taimingi, ina plagi nne na koili zake, na kinachoisumbua zaidi ni pampu ya petroli iliyomo ndani ya tenki, hasa kwa mwenye tabia ya kutembea na taa ya mafuta ikiwaka, pamoja na rejeta iliyozibwa na tope kwa nje hadi injini ikachemka. Uoshe rejeta.

Gesi_Tabata (Dar es Salaam)

Kuna hesabu ambayo haijatajwa. Mimi nina pikapu ya petroli niliyoifungia mfumo wa gesi asilia, na kwa mzunguko wa Dar es Salaam sioni dizeli yoyote inayoweza kushindana nayo. Kilo moja ya gesi ina nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli, na bei ya kilo iko chini sana ya bei ya lita. Injini ya petroli hubadilishwa kirahisi kwa sababu tayari ina plagi za kuwashia, na petroli inabaki kuwa mafuta ya akiba. Injini ya dizeli haina plagi hizo, hivyo kuibadilisha ni kazi nyingine kabisa ambayo kwa gari dogo hailipi.

Kwa haki lazima niseme na upande wake mbaya. Mtungi umekula nafasi nyuma ya kabini ambayo zamani niliwekea mzigo, nguvu inapungua kidogo ninapotumia gesi, na foleni ya kituoni kuna siku inanigharimu asubuhi nzima. Mtungi wenyewe nao unatakiwa kupimwa kwa vipindi na watu waliosajiliwa. Kwa mtu wa Mafinga jambo hili kwa sasa ni la kusoma tu, kwa kuwa vituo vimejikusanya huku Dar es Salaam na maeneo machache ya Pwani na Mtwara. Lakini ndugu umesema utakaa na gari miaka minane. Bomba la gesi kutoka Mtwara lilifika hapa mwaka 2015 na idadi ya magari ya gesi imeongezeka sana tangu hapo, na mwenye gari la petroli ndiye atakayeweza kunufaika vituo vikianza kupanda bara.

Sisemi ununue petroli kwa ajili ya kituo ambacho hakijajengwa. Nasema kwamba unapokisia bei ya kuuzia ya mwaka wa nane, usichukulie kwamba petroli itadharauliwa milele.

Shamba_la_Kitale (Kenya)

Hujambo ndugu wa Mafinga. Huku kwetu EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, na kwa muda mrefu dizeli imekuwa ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko petroli, hivyo mkulima wa Trans Nzoia hujipatia nafuu mara mbili: anatumia lita chache, na kila lita ina bei pungufu. Ndiyo maana pikapu za dizeli zimejaa hapa, na Isuzu D-Max inaunganishwa Nairobi, kwa hiyo spea zake hazitafutwi mbali. Nataja hili ili usibebe ushauri wa Kenya ukaupeleka Tanzania bila kuubadilisha. Kama bei za kwenu zinapishana juu na chini, nafuu ya pili huna.

Nina swali kwa mhasibu. Katika hesabu yako sijaona siku ambazo gari limelala. Mtu anayeuza mbolea ana wiki chache za mwaka ambazo ndizo zinazomlisha, pale mvua zinapoanza na kila mkulima anataka mfuko wake siku hiyo hiyo. Gari likikwama juma moja katika kipindi hicho kwa kusubiri nozeli kutoka mji mwingine, hasara haiandikwi kwenye risiti ya fundi. Inaandikwa kwa mteja aliyekwenda kununua duka la jirani na asirudi tena. Mimi hulipeleka gari langu la dizeli kukaguliwa nozeli na kubadilishiwa filta mwezi mmoja kabla ya msimu, hata kama halina dalili yoyote, na fundi wangu hunicheka. Na acheke.

Neno la mwisho kwangu ni dereva. Kama si wewe utakayeendesha, hakikisha anayeshika usukani anajua kwamba tenki ni la dizeli. Petroli ikiingia kwenye D-4D na injini ikawashwa, pampu hukosa ulainisho, chembe za chuma husambaa hadi kwenye reli na nozeli zote, na huo ni mzigo mmoja ambao hakuna hesabu ya lita kwa kilomita itakayoubeba. Akigundua kabla ya kuwasha, asiwashe kabisa. Tenki litolewe mafuta yote pale pale lilipo.

Mhasibu_wa_Magari (Dodoma)

Ndugu wa Kitale amenibana vizuri. Siku za kulala sikuziweka kwa sababu kila biashara ina thamani yake ya siku, ila zinaingia kirahisi: chukua faida ya siku moja ya msimu, zidisha kwa siku ambazo gari litasubiri spea, kisha ujumlishe kwenye ile akiba ya milioni 4. Njia nyingine ni kukubaliana mapema na mwenye gari la kukodi, na gharama ya kukodi ndiyo iwe bei ya siku hiyo.

Mkulima_Mufindi (Mafinga)

Nawashukuru sana wakuu; nimejifunza zaidi kwa siku hizi kuliko kwa miezi yote niliyouliza mjini. Nimerudia hesabu za ndugu mhasibu kwa namna nyingine. Nyongeza ya milioni 12 ni bei ya kuanzia ya muuzaji, na bei ya kuanzia si bei. Nikimshusha hadi nyongeza ya milioni 8, riba yangu inashuka hadi milioni 2.4, kinachoteketea hadi siku ya kuuza kinabaki milioni 3, na hata nikiiacha ile akiba ya milioni 4 mahali pake, mpaka unashuka hadi karibu kilomita 13,000 kwa mwaka. Kwa kilomita zangu 18,000, na kwa vilima alivyovitaja fundi, hapo dizeli inakuwa na maana. Akigoma kushuka, nachukua ya petroli na mkopo siuchukui.

Kilichobaki ni kujua kama 1KD hiyo ni nzima. Fundi, naomba uniambie nikague nini, kwa sababu muuzaji anasema imetunzwa vizuri na kila muuzaji husema hivyo.

Fundi_Nozeli (Mbeya)

Mwambie muuzaji unakwenda asubuhi na asiliwashe gari kabla hujafika. Fungua boneti na uweke kiganja kwenye injini. Kama ni ya moto, ameipasha ili kuficha mlio wa baridi. Ahirisha, rudi kesho. Ikiwa ya baridi, iwashe na usikilize dakika za mwanzo. 1KD nzima hugonga kidogo kisha ikatulia. Ikigonga kama inayopigwa nyundo upande mmoja, au ikitoa moshi mweupe unaochoma macho na usiokatika, kuna nozeli inayovuja. Kisha, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kikirukaruka na moshi ukapuliza kutoka ndani, kuna hewa ya mlipuko inayoingia mahali isipotakiwa, ama kupitia ringi za pistoni au kupitia vile vizibio vya shaba.

Baada ya hapo mchukue fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta. Asome kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kila nozeli injini ikiwa imetulia. Nozeli moja ikiwa mbali na wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa. Halafu apime marejesho: anavua mipira ya kurudishia mafuta, anaiingiza kwenye chupa nne, anawasha injini kwa dakika chache na kulinganisha. Chupa itakayojaa haraka kuliko nyingine inaonyesha nozeli iliyolika kwa ndani. Usikubali kuambiwa kwamba nozeli zilibadilishwa juzi bila kuona risiti, kwa kuwa nozeli mpya ina msimbo wake unaopaswa kuingizwa kwenye kompyuta, na nozeli zilizofungwa bila msimbo kuingizwa hutumia mafuta vibaya hata kama ni mpya.

Mkanda wa taimingi uuangalie kwa macho. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kilomita za kubadilisha mkanda zinapofika, lakini taa hiyo huzimwa kwa kurudisha hesabu mwanzo bila mkanda kuguswa, hivyo kutowaka kwake hakuthibitishi chochote. Kama hakuna kumbukumbu ya kubadilishwa, hesabu kwamba utaununua wewe pamoja na roli zake, na upunguze fedha hiyo kwenye bei.

Jambo la mwisho wauzaji hawalipendi, ila kwa 1KD ndilo ninalolitegemea kuliko yote: mwaga oili, fungua sampu, uangalie chujio la kufyonzea oili kwa tochi. Likiwa safi, gari lina maisha. Likiwa na mabaki meusi yaliyoganda kwenye wavu, injini imeshaanza kufa hata kama inaunguruma vizuri. Jitolee kulipia oili mpya, gasketi na kazi ya fundi ili asiwe na kisingizio. Akikataa hata hivyo, mwache na gari lake, na ile ya petroli uikague rejeta na usikilize cheni ikiwa ya baridi kabla ya kutoa fedha.